Kabla ya Kuwa Simba, Joginder Singh Alikuwa Fundi

Kila mashindano ya magari ya Safari Rally yanapokaribia, jina la Joginder Singh hutolewa kabatini, likapanguswa vumbi, likatajwa kwa heshima, kisha likarudishwa lilikotoka hadi mwaka mwingine. Twakumbushwa kwamba alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na kwamba ndiye dereva wa kwanza kuyashinda mashindano hayo mara tatu. Twakumbushwa pia kuwa Wakenya walimwita Simba wa Kenya. Hayo yote ni kweli, wala sina nia ya kumpunguzia marehemu hata chembe ya sifa zake. Ila katika sifa hizo pana neno moja ambalo silisikii likitajwa, na kwa maoni yangu ndilo lililomweka mbele ya wenziwe. Neno hilo ni fundi.

Msomaji aniwie radhi nikipitia kwanza katika shamba langu mwenyewe, shamba la maneno. Tunaposema "dereva wa gari la Safari" tunatumia majina matatu ya kupokea. Safari tuliipata kwa Waarabu, gari likatujia kutoka Bara Hindi, na dereva tukamtwaa kwa Waingereza tukampa irabu za kumtosha. Hakuna aibu katika hilo. Lakini fundi ni letu la asili, la ukoo mmoja na kitenzi kufunda, ambacho bado husikika pale mwari anapofundwa na somo wake. Katika ukoo huohuo wamo funza, fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Kwa kawaida ya Kiswahili, sauti d inapokutana na i ya kuundia jina la mtendaji hugeuka z: apendaye huwa mpenzi, alindaye huwa mlinzi. Fundi ameiponyoka kanuni hiyo akabaki na d yake, kama alivyobaki nayo mshindi. Sitaki kujenga ghorofa juu ya konsonanti moja. Nimelitaja hilo kwa sababu walimu wa sarufi watalifurahia. Lililo muhimu zaidi ni maana. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, inamweleza fundi kuwa ni mtu mwenye ujuzi wa kazi fulani na ambaye, kwa sababu hiyo, aweza kuwafunza wengine. Fundi wa zamani, basi, alikuwa mwalimu. Fundi wa leo, katika mdomo wa mzazi anayemkemea mwanawe kwa kushika mkia darasani, ni kitisho.

Sasa tumtazame mtu mwenyewe. Joginder Singh alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, mtoto wa mhamiaji kutoka Punjab ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza magari. Kati ya mwaka 1896 na 1901 wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani. Wengi wao walirejea kwao, maelfu wakafa, na waliosalia walikuta wenzao wengine wakiwafuata kwa hiari. Miongoni mwa Singasinga hao, ufundi wa mbao, chuma na mawe ulikuwa kwa wengi urithi wa ukoo, ukipokezwa kutoka mkono wa baba hadi mkono wa mwana. Kijana Joginder hakusomea magari katika chuo chochote chenye lango na kengele. Alisomea chini ya gari, mgongo ukiwa sakafuni na mafuta machafu yakimdondokea usoni, katika gereji, hadi akawa stadi.

Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa mtu wake wa kwanza wa doria. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia wanachama ambao magari yao yalikuwa yamewafia njiani. Naomba walimu waitafakari kazi hiyo. Mtu aliyelipwa mshahara kwa sababu magari ya wengine yameharibika, tena yameharibika mbali na gereji, mbali na duka la vipuri, mvua ikinyesha na mwenye gari amesimama kando akilalamika, alikuwa akipata mafunzo ambayo hakuna timu ya Ulaya ingeweza kumpa. Kila gari lililokufa lilikuwa somo. Alijua kipi huvunjika kwanza katika barabara zetu, kipi huvunjika baada yake, na kipi chaweza kufungwa kwa waya kikafika mjini.

Mashindano yenyewe yalikuwa yameanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Vijana wanaoyatazama leo yakikimbizwa pembezoni mwa Naivasha, tangu yaliporejeshwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, hawawezi kuyafahamu yale ya kale wasipoelezwa. Siku hizi magari hukimbia vipande vifupi vya njia iliyofungwa, kisha hurudi kwa kikosi cha mafundi wanaoyangoja wakiwa wamevaa sare, na saa inayotawala ni ile inayohesabu sekunde. Enzi za Joginder mwendo ulikuwa karibu kilomita 5,000, mchana na usiku, katika barabara za kawaida ambazo ng'ombe, lori na baiskeli navyo vilikuwa na haki ya kuzitumia. Kila kituo cha ukaguzi kilikuwa na saa yake, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kuwa adhabu. Aliyefika mwisho akiwa na adhabu chache ndiye aliyekuwa mshindi. Wengi hawakufika kabisa. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu, na mwaka 1968 yakawa tena saba.

Katika hesabu ya namna hiyo, dakika moja iliyookolewa chini ya boneti ilikuwa na uzito sawasawa na dakika iliyookolewa kwenye kona. Dereva mwenye kasi aliyekaa nusu saa matopeni bila kujua rejeta yake ina nini alikuwa ameshindwa na dereva wa wastani aliyejua. Ndiyo maana mabingwa wa ng'ambo walikuja na kurudi mikono mitupu mwaka baada ya mwaka. Erik Carlsson wa Sweden, aliyekuwa ameshinda Monte Carlo mwaka 1962 na 1963, alipanda hadi nafasi ya pili mwaka 1964, wala hakuipita. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1972 ndipo mgeni kutoka ng'ambo, Hannu Mikkola wa Finland, aliponyakua ushindi. Kwa takriban miaka ishirini barabara za Afrika Mashariki ziliwashinda mabingwa wa dunia, na zikashindwa na wenyeji waliozijua. Mcheza kwao hutuzwa.

Ushindi wa mwaka 1965 ndio ninaoupenda kuliko yote. Joginder na nduguye Jaswant waliingia na Volvo PV544, gari la umbo la kizamani lenye mgongo kama wa kobe, ambalo lilikuwa limekwisha kutumiwa katika mashindano na timu ya kiwanda kabla ya kuwaangukia wao. Uundaji wa aina hiyo ya gari ulikomeshwa mwaka huohuo. Mtu mwingine angeliona kuwa chuma cha kuuzwa kwa ratili. Ndugu hao waliliandaa kwa mikono yao, wakaliendesha katika mvua na matope ya Pasaka, wakafika Nairobi wakiwa wamemwacha aliyewafuata kwa zaidi ya saa moja. Zaidi ya saa moja, msomaji. Leo washindi hutengwa kwa sekunde. Pengo la saa nzima haliletwi na mguu mzito kwenye kichapuzi; huletwa na gari lisilosimama. Wahenga waliposema mchagua jembe si mkulima hawakuwa wamewahi kuiona Volvo, lakini Volvo ile ilithibitisha kauli yao.

Ya mwaka 1974 na 1976 nitayapitia kwa ufupi. Safari hizo mbili mwelekezi wake alikuwa David Doig na gari lilikuwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1974 alimwacha nyuma Björn Waldegård aliyekuwa katika Porsche 911, gari ambalo kwa nguvu ya injini lilimpita mbali; mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 44, aliongoza Lancer tatu zilizotwaa nafasi tatu za kwanza. Kampuni ile ya Japani ilikuwa bado haijajijengea jina katika michezo hii, na sehemu ya jina ililolipata baadaye ilitengenezewa matopeni kwetu.

Lakini kuna takwimu nyingine ambayo hutajwa kwa nadra, nami naiona kubwa kuliko vikombe vitatu. Alishiriki Safari mara 22, akamaliza mara 19. Turudi kwenye ile miaka ambayo magari saba tu yalifika, kisha tuitazame tena namba hiyo. Bahati humwezesha mtu kushinda mara moja. Pengine mara mbili. Bahati haimfikishi mtu mwisho wa safari mara 19. Hiyo ni kazi ya sikio linalosikia mlio wa injini ukibadilika kabla haujawa ugonjwa, na ya mkono unaojua kipi kiachwe na kipi kifungwe upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na huyu alikuwa mhunzi.

Majina aliyopewa, hata hivyo, yalikwenda kwingine. Magazeti ya Kiingereza yalimwita Singasinga Arukaye. Jina hilo halikuwa lake peke yake, kwani mwanariadha Milkha Singh wa India alikwisha kuitwa hivyohivyo, na madereva wa Finland nao waliitwa Wafini Warukao. Ni kiolezo: chukua kabila au taifa la mtu, mwongezee mabawa, makala yamekamilika. Kinachosifiwa ni kasi na asili, si ujuzi. Wakenya wa kawaida walifanya vizuri zaidi walipomwita Simba wa Kenya, kwa maana walimtoa katika kabila wakamtia katika nchi. Hilo halikuwa jambo dogo kwa mtu ambaye mitaani angeitwa Kalasinga, jina ambalo lilitokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani, Kala Singh, likaenea kwa Singasinga wote kana kwamba wote ni mtu mmoja. Hata hivyo simba huzaliwa simba. Hakuna mtoto wa darasa la saba atakayejifunza usimba. Ufundi hufunzwa, na hapo ndipo lawama yangu inapotugeukia sisi wa shule.

Nimesoma insha nyingi za wanafunzi katika maisha yangu, na kichwa kimoja hurudi kila muhula: kazi ningependa kufanya nikimaliza masomo. Madaktari ni wengi. Marubani hawahesabiki. Mawakili wapo, na siku hizi kuna wataalamu wa kompyuta. Fundi wa magari namkumbuka kwa nadra sana, na pale anapotokea huwa amevalishwa suti akaitwa injinia. Siwalaumu watoto. Wanaandika wanachojua kwamba mwalimu atakituza.

Serikali nazo zimepepesuka. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi kumpa mtoto kazi ya mikono, na wazazi wakachangishana harambee kujenga karakana ambazo nyingi ziligeuka maghala ya madawati mabovu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na sote twajua kuwa nchini mwetu kisichotahiniwa hakifundishwi. Vyuo vyetu viwili vikongwe vya ufundi, Kenya Polytechnic ya Nairobi na ile ya Mombasa, vilifanywa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007 na vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu na nisingependa kuonekana navitukana. Bali nauliza: kwa nini chuo cha ufundi kikifanya kazi vizuri, zawadi yake iwe kubadilishwa kisiwe tena chuo cha ufundi? Ni kama kumtuza fundi hodari kwa kumnyang'anya spana na kumpa kalamu. Mtaala wa umilisi umerudisha masomo ya kiufundi katika shule za sekondari ya chini tangu mwaka 2023. Nautakia heri. Ila mtaala hautafaulu iwapo mwalimu anayeufundisha bado huwaambia waliofeli hisabati kwamba watakwenda kukaza nati.

Najua nitajibiwa nini, na jibu lenyewe si jepesi. Nitaambiwa kwamba Joginder alikuwa na gereji ya kujifunzia kwa sababu utawala wa kikoloni ulipanga watu kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini. Shule zilitengwa, mishahara ilitengwa, na kazi za ufundi wa hali ya juu mjini zilikuwa aghalabu mikononi mwa Wahindi. Mwafrika katika gereji hiyo alikuwa mpokeza spana. Aweza kuwa na akili ya kuunda gari zima, lakini aliitwa boi hadi mvi zikaota. Kwa hiyo, mpinzani wangu atasema, kumsifu Joginder kwa ufundi wake ni kumsifu kwa nafasi waliyonyimwa wengine.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na mwalimu atakayemfundisha Joginder bila kuigusa atakuwa amewadanganya wanafunzi wake. Lakini haiishii hapo. Mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mafundi Waafrika wa Kenya, alionyesha jinsi ujuzi ulivyotoka katika karakana za Wahindi ukaingia mikononi mwa Waafrika waliofanya kazi humo, na jinsi hao nao walivyokwenda kuanzisha kazi zao chini ya jua, wakawafunza vijana wengine. Yule mpokeza spana alikuwa akitazama. Hakuna aliyempa cheti, na mara nyingi hakuna aliyekusudia kumfunza, lakini alifundwa, kwa maana ileile ya kitenzi nilichokitaja. Shirika la Kazi Duniani lilipoitazama Kenya mwaka 1972 liliona kwamba kazi hizo zisizosajiliwa zilikuwa na tija na ubunifu ambao serikali haikuuthamini. Sisi tukaziita jua kali, jina zuri lenye uchungu ndani yake, kwa kuwa linataja walichokosa, yaani paa, badala ya walichokuwa nacho. Kwa hiyo simtenganishi Joginder na fundi wa Kamukunji au Gikomba. Nawaweka katika ukoo mmoja, mmoja akiwa amebahatika kuwa na paa na mwingine akiwa hana. Tukimficha Joginder kwa sababu alibahatika, hatumpi yule mwingine chochote.

Wapo pia wanaodai kuwa mbio za magari ni anasa ya matajiri na zinachafua hewa. Wana hoja, hasa kwa mashindano ya siku hizi, ila Volvo ile kuukuu ya mwaka 1965 ni shahidi mbaya kwa upande wao.

Joginder Singh alifariki dunia jijini London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Habari zake zilisomwa kama habari za michezo, katika kurasa za michezo, jirani na matokeo ya kandanda. Sidhani huko ndiko mahali pake pekee. Walimu wenzangu wa Kiswahili hutafuta vifungu vya ufahamu kila wiki, nao wakichoka hurudia vilevile vya sungura na fisi. Kifungu kimoja kuhusu Volvo ya mwaka 1965 kingetosha vipindi viwili. Swali la kwanza laweza kuwa la msamiati: rejeta, springi, gia na breki yametoka wapi, na kwa nini usukani hatukuukopa kwa Waingereza bali tuliutoa chomboni, baharini? Swali la pili liwe la sarufi, juu ya mlinzi, mpenzi, mshindi na fundi. La tatu liwe la historia: nani alipokeza spana katika gereji za mwaka 1950, na kwa nini jina lake halimo katika kitabu?

Kisha wanafunzi waandike ile insha ya kazi ningependa kufanya, kwa sharti moja tu: atakayechagua magari asiruhusiwe kulitumia neno injinia.